Watulizaji wa Kidimbwini

Nchi ya Mshono haisimami. Hilo ndilo Mize alilolijua kwanza, kabla hajajua jina la nchi wala njia ya kutokea: ardhi ilikuwa inakwenda, nyumba zinakwenda, na watu wamesimama milangoni mwao wakibishana huku nao wanakwenda. Nchi yenyewe imo ndani ya kichwa cha papa, na papa wa aina ile asipoogelea hukosa pumzi, kwa hiyo hakuna mwenyeji aliyewahi kuona kitu kikikaa mahali pake. Wakikutana asubuhi huulizana, "Twaenda?" na jibu ni, "Twaenda." Anayejibu, "Twaenda tu," hupelekewa uji nyumbani, maana hiyo ni dalili kwamba ana msiba.

Alivyoingia humo si habari ndefu. Mize binti Shomari alikuwa na miaka ishirini na miwili, shule kaishia darasa la saba, na kazi yake ilikuwa kupasua papa na taa, wale samaki bapa, kwa ajili ya kukaushwa. Kwa miaka sita alikuwa akikitoa kile kipande cheupe cha kichwani, laini kama uji ulioganda, na kila mara kabla ya kukitupa alikiangalia. Wenzake walimcheka. "Mize, unakitazama nini hicho, kitakusemesha?" Basi siku moja kilimsemesha, na alipoinua macho alikuwa yuko ndani.

Alichokiona ni hiki. Upande wa mbele kuna jimbo la Harufu, kubwa kuliko majimbo yote, na wakazi wake hawaachi kukukumbusha hivyo. Wana mapua mapana na majumba mapana, na mmoja wao akinusa tone la damu lililo mbali, hupiga kelele mpaka nchi nzima inapiga mbio bila kuuliza. Pembeni wanakaa watu wa Umeme, wakimya, wenye ngozi inayosisimka. Hao husikia moyo wa samaki aliyejifukia mchangani, na pia hutambua chuma kabla jicho halijakiona. Nyuma kabisa wako wapiga ngoma wa Mkia, ambao hawajui kinachotokea mbele na hupiga tu kama wanavyoambiwa. Na katikati, toka mbele hadi nyuma, imepita barabara moja iliyonyooka, kama vile nchi ilikuwa vipande viwili vikashonwa. Barabara yenyewe huitwa Mshono, na ndiyo iliyoipa nchi jina.

Kando ya barabara hiyo wanakaa watulizaji. Mtulizaji ni mtu wa kawaida, ana watoto, ana mafua, anagombana na jirani. Ila kutoka kiganjani mwake unatoka uzi mmoja mrefu ajabu, unaogawanyika matawi na kwenda kila jimbo, mpaka mwenyewe hajui mwisho wake uko wapi. Kwenye uzi huo hupitisha kitu kinachoitwa tulizo. Huku kwetu waliosoma hukiita serotonini, lakini wao hawana haja na jina refu. Tulizo likidondoka Harufu, kelele zinapungua kidogo. Likidondoka Mkia, ngoma zinashika mwendo mmoja. Halimzuii mtu kula, wala halimlazi. Kazi yake ni kumpa nafasi ya kumsikia mwenzake. Na hakuna anayemshukuru mtulizaji, kwa sababu kila anayetulia hudhani ametulia kwa akili zake mwenyewe.

Mgeni hulazwa Kidimbwini, penye kidimbwi kilicho mbali na barabara ile. Sheria inasema hivyo, na sababu yake imeandikwa wazi: Kidimbwini hakuna mtu, kwa hiyo mgeni hatamsumbua yeyote. Mize alipofika huko na kikapu chake alikuta watu wapatao mia tatu wamekaa mduara kwenye mawe, miguu wameitumbukiza majini, nyuzi zinatoka viganjani mwao.

"Karibu pasipo na mtu, shoga," mwanamke mmoja mwenye pengo la mbele alimwambia, akasogea kumpa nusu ya jiwe. Jina lake Mwanatumu. "Usiogope kutukanyaga. Kisheria hatuumii."

Wenzake wakacheka, kicheko cha watu waliokwisha kuizoea mizaha hiyo na bado wanaipenda.

Mize alikaa nao siku kadhaa kabla hajauliza kitu. Ndiyo tabia yake. Aliona kwamba maji ya kidimbwi hayakuwa maji matupu. Yalikuja na ladha, mara chumvi, mara uchungu, mara utamu wa shibe. Mwanatumu akiyahisi miguuni hukunja uso kidogo, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani, kisha kiganja chake kinafumbuka na tone linaingia kwenye uzi.

"Yamesema nini?" Mize aliuliza hatimaye.

"Yamesema nchi ina njaa lakini haijafika kiwango cha wazimu. Basi nimepitisha kidogo. Wa Mshono wao wanaambiwa habari na nyuzi. Sisi tunaambiwa na maji. Habari nyingine, mwanamke mwenzangu, hazipiti kwenye uzi."

"Na wewe ni mtulizaji?"

"Unaniona nafanya nini, nasuka mkeka?"

"Mbona wanasema hamko?"

"Hayo muulize Karani wa daftari la watulizaji," Mwanatumu akasema. "Na ukimwuliza, tazama kitabu chake, usimtazame yeye. Yeye si mtu mbaya."

*

Karani Mnyoofu alikuwa mwembamba, msafi, mwenye kanzu isiyo na kunjo hata moja katika nchi ambamo kila kitu kinayumba. Alimwita Mize ofisini siku ya tano. Hesabu ya Watulizaji ilikuwa imewadia, na ndoo ya rangi, kwa mujibu wa sheria, hubebwa na mgeni asiye na uzi, ili asije akaigawa kwa upendeleo.

"Umesoma?"

"Darasa la saba."

"Inatosha. Aliyesoma zaidi huanza kuniuliza maswali."

Alimweleza utaratibu. Rangi ile ni ya ajabu kidogo: ikimgusa mtulizaji, kiganja chake hung'aa manjano kama bizari, na ikimgusa asiye mtulizaji, haifanyi kitu. Haidanganyi, haihongeki. Mwaka huu Hesabu ilikuwa na uzito kuliko miaka mingine, kwa sababu Baraza lilikuwa limeamua kwamba nyuzi zimezidi, zinatatizana, na kila uzi usio na mwenyewe kwenye daftari ukatwe. Mkasi mkubwa ulikuwa mezani pale, umenolewa.

"Na mtu akikatwa uzi?"

"Hatukati mtu. Tunakata uzi."

"Lakini aliyekuwa nao?"

Karani alikohoa. "Hukauka," akasema kwa sauti ndogo. "Kama jani. Lakini kwa kuwa ni uzi usio na mwenyewe, hakuna anayekauka."

Mize akakumbuka alivyoambiwa, akakitazama kitabu. Kilikuwa juu ya rafu peke yake, kimefungwa kwa kitambaa cha hariri. Karani alipoona anakiangalia, akakiteremsha kwa mikono miwili, akakifunua kwenye picha moja. Palikuwa na ramani ya nchi ndogo ya mviringo, na watulizaji wamepangwa katikati yake, mstari mmoja, hakuna aliyetoka nje.

"Kitabu cha Panya," Karani alisema, na sauti yake ikawa ya mtu aliye msikitini. "Kimeandikwa katika nchi iliyo ndani ya kichwa cha panya. Wenzetu wana wataalamu, wana majengo, wamehesabiwa mara elfu. Ukitazama hapa, pembeni mwa kidimbwi chao, unaona nini?"

"Sioni mtu."

"Basi."

"Lakini hii ni nchi ya Panya."

"Naam."

"Na nchi yenu ndiyo kongwe? Nimesikia hivyo."

"Kongwe mno! Papa wameogelea kabla panya hajawa na mkia."

"Sasa kwa nini mnatumia kitabu chake?"

"Kwa sababu sisi hatuna kitabu."

"Si mngeandika chenu?"

Karani alimtazama kwa huruma ya kweli, kama anavyotazamwa mtoto aliyevaa viatu kushoto kulia. "Dada yangu, mtu ataandikaje kitabu bila kutazama kitabu?"

Mize alichukua ndoo, akatoka.

Jioni alimweleza Mwanatumu habari ya mkasi. Alidhani atalia, au atatukana. Mwanatumu aliendelea kuchezesha vidole vya miguu majini.

"Hilo tulilisikia," akasema. "Maji yalikuwa machungu tangu juzi, ila tulidhani ni nyongo."

"Si uhamie Mshono? Wakuandike, yaishe."

"Niondoe miguu hapa? Mama yangu alikaa jiwe hili hili. Hata kwa jamaa zetu, nchi za ndani ya vichwa vya samaki taa, wapo watu kama sisi, wamekaa kidimbwini vivyo hivyo. Nikienda kukaa barabarani nitakuwa na jina na sitakuwa na kazi." Akamgusa Mize bega. "Naogopa, Mize. Usinione nacheka. Sina njia nyingine ya kuogopa."

*

Siku ya Hesabu ilianza na hotuba. Mkuu wa Mshono, Bwana Kati, mtu mnene mwenye nishani, alisema kwamba utulivu ni nguzo ya nchi, akasema tena, akapigiwa makofi. Kisha Mize akainua ndoo, Karani akashika ufagio wa kupakia, na kazi ikaanza nyumba kwa nyumba. Ufagio ulikuwa na upana wa barabara kamili. Ulitengenezwa hivyo makusudi, usije ukagusa pasipohusika.

Viganja vikang'aa. Mama mmoja aling'aa na mtoto wake mgongoni akang'aa pia, watu wakapiga vigelegele. Lakini nyumba ya nne ilikuwa ya bwana mmoja mwenye uzi mnene kama kamba; alipakwa mara tatu na kiganja kikabaki vile vile. Karani aliandika. Mize akachungulia daftari: *Mtulizaji, mkazi wa Mshono.*

"Mbona hakung'aa?"

"Anakaa Mshono."

Nyumba ya saba vile vile, na ya kumi na moja. Uzi walikuwa nao, kazi walikuwa nayo, ila haikuwa kazi hii. Mwisho wakafika kwa Bwana Kati mwenyewe. Akanyoosha mkono huku anatazama pembeni. Rangi ikateleza juu yake kama maji juu ya jani la yungiyungi. Karani akaandika, na Mize akayasoma yale maandishi mazuri yaliyonyooka: *Ameng'aa kwa heshima.*

Walipomaliza, ndoo ilikuwa na rangi robo nzima imebaki. Karani alikuwa amekwisha kuchukua mkasi.

"Hii iliyobaki nimwage wapi?" Mize aliuliza.

"Sheria inasema imwagwe pasipo na mtu, isije ikamgusa mtu ikaharibu hesabu."

"Pasipo na mtu."

"Ndivyo."

Mize aliigeuza ile kauli kichwani kama anavyogeuza samaki kutafuta pa kuanzia kisu. Kisha akasema, "Haya," akajitwika ndoo, akashuka hadi Kidimbwini, na Karani na mkasi wake wakamfuata kwa kuwa na yeye safari yake ilikuwa huko huko, na Baraza likamfuata Karani. Mbele ya macho ya wote Mize akaimwaga rangi yote majini.

Kwanza hakikutokea kitu. Halafu kiganja cha Mwanatumu kikang'aa. Kisha cha jirani yake. Kisha manjano yale yakatembea mduara mzima, jiwe kwa jiwe, mia tatu, mpaka kidimbwi kikawa kama sinia la biriani, na wala hayakuishia hapo: huko vichakani, mbali na Mshono kushoto na kulia, wakaanza kung'aa na wengine waliokuwa wamejikalia kimya wasijue kama maji yale yanafika kwao.

"Umefanya nini?" Karani alinong'ona.

"Nimemwaga pasipo na mtu," Mize alisema. "Ulivyoniambia."

*

Baraza lilifanyika pale pale ukingoni, watu wamesimama, kwa kuwa hakuna aliyekubali kukaa juu ya jiwe la mtu asiyekuwepo.

Msemaji wa Harufu, Bi Fukizo, alikuwa wa kwanza. "Mimi nasema wakatwe, na wakatwe sasa! Siku zote nashangaa. Tunanusa kitu kizuri, tunaanza kuchangamka, mara miguu inalegea, hamu inapungua. Nikadhani ni wale wa Mshono. Kumbe kuna genge jingine huku linatuharibia karamu!"

"Bi Fukizo," Mwanatumu alimjibu, "karamu iliyopita mlitaka kula mwamba."

"Ulinukia!"

"Ulinukia kwa sababu samaki alikuwa amejikwangua pale akapita. Ungekuwa na meno leo?"

Watu wa Umeme wakacheka chini chini. Mjumbe mmoja akatoa hoja kwamba rangi imeharibika, imechacha. Mwingine akasema kwamba mng'ao wa Kidimbwini si ule ule. Ule wa Mshono ni manjano halisi, huu ni manjano ya kuiga. Wakaletwa watu wawili, mmoja wa huku mmoja wa kule, wakafichwa nyuso na kuonyesha viganja tu, na yule mjumbe akachagua wa Kidimbwini akasema huyu ndiye wa Mshono, unaona tofauti ilivyo wazi. Wa tatu akainuka na kusema kwa upole kwamba labda hawa ni masalia ya zamani; nchi ikiendelea, nchi ikawa kama Panya, watatoweka wenyewe, kwa hiyo kuwakata ni kuharakisha tu maendeleo.

Bwana Kati alimgeukia Mize. "Wewe mgeni. Nani kakufundisha ujanja huu?"

"Sikufundishwa, baba. Mimi nimeishia darasa la saba. Pale tulikuwa tunahesabu vitu vikiwa mbele yetu, mawe, vijiti. Mwalimu hakuwahi kutuambia tufumbe macho kwanza."

"Hapa si shule."

"Naona."

Bwana Kati alijipangusa jasho. Alikuwa na sababu yake ya kutotaka habari ya kung'aa na kutong'aa izungumzwe sana, na kila mtu aliijua, na kila mtu kwa adabu akaangalia kwingine. Akatoa uamuzi. Kamati iundwe. Kamati iandike barua nchi ya Panya kuuliza kama jambo hili linawezekana. Barua itachukua muda, kwa vile panya hakai baharini. Mpaka jibu lirudi, watu wa Kidimbwini wafumbe viganja na wasipitishe tulizo hata tone, maana kazi isiyo na kibali ni fujo. Atakayefumbua, uzi wake ukatwe hapo hapo. Karani asimame ukingoni na mkasi.

"Na maji yakisema?" Mwanatumu aliuliza.

"Yaambiwe yasubiri."

Viganja mia tatu vikafumbwa. Manjano yakawa yanaonekana katikati ya vidole tu, kama taa ndani ya nyumba iliyofungwa.

*

Hazikupita saa mbili. Mlio ulitoka Harufu, kwanza mmoja, kisha wote.

"Damu! Damu! Damu!"

Nchi iliinama mbele. Ngoma za Mkia zikapiga kasi, zikazidi kasi, mpaka mapigo hayakuhesabika tena. Vyungu vikaanguka, kuta zikagongana. Bi Fukizo alikuwa analia kwa furaha, "Mbele! Mbele! Ni nono!" Watu wa Mshono walifumbua viganja vyote, wakapitisha walichokuwa nacho, yule mama mwenye mtoto mgongoni alikuwa amepiga magoti barabarani anakamua mkono wake kama nguo. Hakikutosha. Nusu ya kazi hiyo siku zote ilikuwa ikifanywa na watu wasiokuwepo.

Mize alikuwa ameshika mwamba. Karibu naye alikuwa mzee mmoja wa Umeme, anatetemeka mwili mzima, anasema kitu. Akasogeza sikio.

"Chuma," yule mzee alikuwa anasema. "Ndani ya hiyo nyama kuna chuma. Kimepinda. Waambie. Kimepinda, kina ncha."

"Ni ndoana!" Mize akapiga kelele. "Jamani, ni ndoana!" Alizijua, alikuwa amezitoa kwenye mataya kwa mikono yake, miaka sita. Lakini sauti yake na ya mzee zilimezwa. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kusikia.

Mwanatumu alikuwa amekaa kwenye jiwe lake, ngumi zimekaza, machozi yanamtoka. Maji ya kidimbwi yalikuwa yanachemka miguuni mwake. Alimtazama Karani Mnyoofu, aliyekuwa amesimama hatua tatu kutoka kwake, kanzu imekunjamana, mkasi wazi mkononi.

"Karani," alisema. "Yanasema."

Karani aliyatazama maji.

"Nimeyaambia yasubiri. Hayataki."

Akafumbua kiganja.

Tone likaingia kwenye uzi, na la pili, kisha mfululizo. Jirani yake alimwona, akamwita Mungu, akafumbua cha kwake. Kisha mwingine. Kisha mduara wote.

Haikuwa ghafla. Ilikuwa kama chungu kinapoepuliwa: kelele zilianza kupungua pembeni, zikapungua katikati. Kule Harufu mtu mmoja alinyamaza ili avute pumzi, na katika kile kimya chake kidogo akasikia neno moja kutoka Umeme. Chuma. Akamwambia aliye karibu. Chuma. Neno likatembea nchi nzima mpaka Mkia, na wapiga ngoma, ambao sasa mikono yao ilikuwa imeshika mwendo, wakapiga pigo moja refu upande wa kulia. Nchi ikageuka. Kitu kikubwa chenye harufu nzuri kilipita kushoto, polepole, na kamba yake nyuma.

Kisha nchi ikawa inakwenda tu, kama kawaida.

Bwana Kati aliinuka kutoka nyuma ya mwamba alikojificha, akarekebisha nishani. "Karani," alisema. Sauti ilikuwa na mtetemo, lakini ilikuwa sauti ya mkuu. "Amri imevunjwa hadharani. Anza na huyo wa kwanza."

"Akate!" Bi Fukizo alisema, ila hakusema kwa nguvu, na alikuwa anajishika shavu kama mtu anayehesabu meno yake.

Karani Mnyoofu alipiga hatua tatu. Akachuchumaa mbele ya Mwanatumu, akaushika ule uzi kati ya vidole viwili. Ulikuwa bado unapitisha kitu. Ulikuwa na joto. Mize alijikuta ameushika mkono mwingine wa Mwanatumu, na Mwanatumu akaubana wa Mize hadi ukauma.

"Ulijua kwamba nitakata," Karani alisema.

"Nilijua."

"Sasa kwa nini?"

"Ulikuwa hapa, bwana. Uliona. Ningefanya nini?"

Midomo ya Karani ilicheza kama mtu anayefanya hesabu ya kichwa na kila mara anapata jibu lile lile. Kisha akauachia uzi, akavuta daftari kutoka kwapani, akalifungua magotini.

"Unaandika nini?" Bwana Kati aliuliza. "Kata kwanza, uandike baadaye!"

"Amri yako inasema uzi wa aliyefumbua, mkuu; lazima kwanza niandike ni wa nani."

"Lakini huo hauna mwenyewe!"

"Mwenyewe ananitazama," Karani alisema bila kuinua kichwa. Akachovya kalamu. "Jina lako nani?"

Miaka yote hiyo hakuwahi kumwuliza. Mwanatumu akafungua mdomo, pengo lake likaonekana, na kwa mara ya kwanza tangu Mize amjue hakuwa na mzaha wowote wa kusema.

"Mwanatumu binti Mgeni."

"Kazi?"

"Mtulizaji."

"Mkazi wa?"

Kwenye daftari, mahali pa makazi palikuwa pamechapishwa neno Mshono tangu juu hadi chini ya ukurasa, ili kumrahisishia kazi. Karani aliliangalia. Akalipiga mstari bila rula, ukaenda mshazari, na juu yake akaandika: *Kidimbwini.*

"Karani Mnyoofu!" Bwana Kati alisema. "Huo ni ukurasa wa watulizaji. Aliyemo humo hakatwi!"

"Nauona, mkuu. Nimeuchora mimi."

Nchi iliyumba kidogo, ikapita kwenye mkondo, na kurasa zikataka kufunuka. Karani akachukua ule mkasi, akaulaza juu ya daftari uzikandamize. Mize akamshikia kidau cha wino.

"Na wewe wa pili," Karani alisema, akisogea jiwe moja mbele, bado amechuchumaa. "Jina lako nani?"